Nimekuta makopo 11 ya mikanda ya sinema ya vita vya Kagera, yananuka siki. Nifanyeje?

Mpwa_wa_Kirumba

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Mjomba wangu alifariki mwezi wa tatu, tukamzika Magu. Miaka yake ya mwisho nilikuwa naishi naye mimi hapa Kirumba, Mwanza, kwa hiyo baada ya arobaini wazee wakaniambia chumba chake nikisafishe. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, lile la kijani la kijeshi, limekazwa kwa tyubu ya baiskeli. Kulifungua tu, harufu ikanipiga usoni. Nilidhani ni panya aliyefia humo. Hapana, ni siki, siki kabisa ya kachumbari.

Ndani kuna makopo 11 ya duara. Manane madogo kama kifuniko cha chupa ya chai, matatu makubwa kama sahani. Nilifungua moja, kuna mkanda wa sinema umeviringishwa, mweusi, kingo zimeanza kujipinda kama jani la mgomba lililokauka. Makopo mawili yameshika kutu, hayafunguki. Moja limezungushiwa utepe wa kunata, nimeliacha hivyohivyo.

Mjomba mtaani alijulikana kama mpiga picha za pasipoti. Lakini ukoo mzima unajua kwamba "alienda vitani na kamera". Yeye mwenyewe hakuwahi kuyasema. Stori za Nduli Idi Amin zikianza, ananyanyuka kwenda kuwatazama kuku.

Sasa kuna jamaa pale Makoroboi anasema ana projekta ya zamani, nimpe elfu hamsini aupitishe mkanda ukutani na mimi nirekodi kwa simu. Na kuna mnunuzi wa chuma chakavu ameshapita mara mbili, anataka makopo. Nimpe nani? Na kama kuna anayejua kazi ile ilikuwaje hasa, naomba anieleze. Nimekaa na yule mzee miaka sita na sikumjua.

Boda_Nyakato

Dada rekodi fasta uweke mtandaoni, watu wanapenda vita hao. Hela ya bure hiyo.

Mzee_wa_Mkuyuni

Binti, pole na msiba. Huyo wa projekta mwambie umeghairi, mwambie leo kabla hujalala.

Mkanda unaonuka siki umeanza kufa, na ukifa unasinyaa. Yale matundu ya pembeni, ambamo meno ya mashine huingia ili kuuvuta, hayalingani tena na meno. Ukiupitisha kwenye projekta ya zamani utachanika mwanzo hadi mwisho. Utaona picha sekunde chache ukutani, halafu utabaki na tambi sakafuni na elfu hamsini imeenda.

Siki yenyewe haikumwagwa na mtu. Ni plastiki ya mkanda, asetati, inavunjika na kutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Joto na unyevu vinaiharakisha, na sisi wa kandokando ya ziwa vyote viwili tunavyo vya kumwaga. Tena inaambukiza. Kopo moja likianza, mvuke wake unamharibu jirani. Kwa hiyo usiku huu toa makopo yote sandukuni. Yanayonuka sana yakae kivyake, yasiyonuka kivyake. Yaweke chini, pakavu, penye kivuli na hewa, si juu ya kabati karibu na bati la paa. Usiyafunge kwenye mifuko ya nailoni. Ya kutu usiyagonge kwa nyundo.

Lile lenye utepe USILIFUNGUE. Nitarudi hapo.

Mnunuzi wa chuma chakavu mpe chai aondoke.

Sasa kazi ilikuwaje. Mwaka 1979 nilikuwa na miaka 20, na nilikuwa mbeba stendi, ile miguu mitatu ya kamera, wa mpiga sinema mmoja kule mbele. Siye mjomba wako, wa kwangu alikuwa mtu wa Musoma na jina lake nitaliacha, watoto wake wako mjini hapa na hawajaniruhusu. Nitamwita bosi.

Watu wakisikia mpiga sinema wa vitani wanaona kichwani mtu anakimbia katikati ya risasi. Bosi wangu alitawaliwa na kitu kingine: sekunde 28. Kamera yetu ilikuwa Bolex, ya Uswisi, mkanda wa milimita 16, haina betri. Unaijaza kwa mkono kama saa ya ukutani. Ukishaijaza inakupa sekunde 28 hivi, halafu inakata, upende usipende. Roli moja ni futi 100, yaani dakika mbili na sekunde arobaini na kitu. Kwa siku tulijipangia roli nne. Fanya hesabu mwenyewe: dakika kumi na moja, siku nzima ya vita.

Ndiyo maana muda mwingi bosi hakuwa anafanya kitu. Amechuchumaa, anatazama. Wapiganaji walimwita Mtalii. "Mtalii, hupigi? Sisi tunapigwa huku!" Anacheka tu. Nyie wa simu mnarekodi kwanza, mnatazama baadaye. Yeye alitakiwa atazame kwanza, aamue, ndipo abonyeze, na akishabonyeza hakuna kurudi nyuma kutazama alichopata. Mikanda ilikwenda kusafishwa mbali, yaani kutiwa dawa ili picha itokee. Ilipita miezi kabla sijaona hata fremu moja ya tulichopiga.

Siku moja ninayoikumbuka kama jana. Tumeshapita Masaka, ndani ya Uganda, mji tulioukamata tarehe 24 Februari, kwa hiyo ni baada ya hapo. Mvua imetoka kunyesha, tumejibanza chini ya lori, mizinga inanguruma mbele. Kamera ikala mkanda. Unasikia mlio unabadilika, kama cherehani inayosokota uzi. Ukiifungua mwangani roli yote imeungua. Mfuko wetu mweusi wa kazi hiyo ulikuwa umechanika siku nyingi. Bosi akavua koti lake la jeshi, akalaza kamera ndani yake, akafunga vifungo vyote, akanikabidhi pindo na kola nizikunje na kuzibana kwa magoti, kisha akaingiza mikono yake kinyume, kupitia mwisho wa mikono ya koti. Akafumba macho. Uso ameuelekeza juu kwenye ekseli ya lori, midomo inacheza, vidole vinatafuta mkanda uliojikunja humo ndani kama daktari anayetafuta kichwa cha mtoto. Mimi siafu wamenipanda mguuni. Nikijikuna, mwanga unaingia. Sikujikuna. Alama ninayo mpaka leo, na roli ilipona.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayewaambia vijana: mapigano yenyewe hayapigiki. Unachoona ni moshi, mbali, na watu wamelala kifudifudi. Lukaya, usiku wa tarehe 10 Machi kuamkia 11, ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote nilipopita, kuna Walibya waliokuja kumsaidia Amin, kuna kinamasi, hujui nani ni nani. Na kamera ilikuwa kipande cha chuma. Mkanda wa wakati ule hauoni gizani. Alichokipiga bosi ni miguu barabarani, mtu ananyoa ndevu kwa kioo cha gari, bibi kizee wa Kiganda anagawa ndizi akiwa anatetemeka. Na ni bubu yote. Milio ya mizinga unayoisikia kwenye filamu nyingi za vita, hata zile za Vita vya Pili vya Dunia, mara nyingi imewekwa baadaye chumbani. Kwa hiyo mikanda ya mjomba ikija kufunguka bila sauti, usidhani imeharibika.

Nikukumbushe pia kwamba Bara hatukuwa na televisheni wakati ule. Stesheni za kwanza zilikuja 1994. Vita tulivisikia redioni tangu ile hotuba ya Mwalimu ya Novemba 1978, uwezo, sababu, nia. Kama kulikuwa na kitu cha kuonyesha, kilizunguka na gari la sinema, shuka jeupe kiwanjani. Kwa hiyo alichobeba mjomba wako kwenye makopo hayo ni kitu ambacho majirani zake wengi hawakuwahi kukiona.

Sasa nenda ukatafute karatasi. Hilo ndilo nililotaka kukwambia kuliko yote hayo juu. Kila roli ilikuwa na karatasi yake: namba, siku, mahali, saa ngapi, nani anaonekana, kamera imeelekea wapi. Bila karatasi, ulichonacho ni wanaume wasio na majina wanatembea barabarani. Wanaweza kuwa wa vita vyovyote.

Mimi niliziua karatasi saba. Nilizitia mfuko wa shati, kalamu ya wino, mvua ikanyesha. Jioni nikatoa donge la buluu. Bosi hakunigombeza, ingekuwa afadhali angenigombeza. Alikaa na zile roli saba mbele yake akijaribu kukumbuka, akazitaja mbili, tano zikamshinda. Toka siku ile tukaandika kwa penseli, na juu ya hapo tukakwaruza kwa msumari upande wa ndani wa kifuniko cha kopo. Kwa hiyo chukua tochi, geuza vifuniko. Wapiga sinema tulioonana nao huko walifanya hivyohivyo au karibu na hivyo.

Mwanafunzi_Malimbe

Mzee shikamoo. Nasoma uandishi wa habari hapa Malimbe, na hii nimeisoma mara mbili ndani ya daladala hadi nimepitiliza kituo.

Mwalimu wetu anapenda kututajia Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi 1943 na kukulia Dar es Salaam, akaanzisha Camerapix hapohapo Dar mwaka 1963. Alipiga mapinduzi ya Zanzibar, na 1984 ndiye aliyepiga zile picha za njaa za Korem, Ethiopia, zilizoishtua dunia. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, na mwenzake wa sauti, John Mathai, akafa palepale. Akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini Komoro.

Swali langu: mtu anapoteza mkono na bado anarudi, hawa watu hawaogopi? Na mpiga picha akimwona majeruhi, anaendelea kupiga au anaweka kamera chini? Darasani tulibishana saa nzima na hatukufika popote.

Mzee_wa_Mkuyuni

Marahaba kijana. Kuogopa tuliogopa, mimi niliogopa mpaka kwa tumbo, tuyaache hayo.

Hatari ni kwamba aliyeshika kamera anaogopa chini kidogo kuliko anavyopaswa. Jicho moja limefumbwa, lingine liko kwenye kitundu. Kinachotokea mle ndani ni kidogo na kiko mbali, kama sinema. Mwaka 1973 Santiago, Chile, Leonardo Henrichsen, Muajentina, alimpiga sinema mwanajeshi aliyekuwa anamlenga yeye mwenyewe, mpaka risasi ikampata. Neil Davis, Muaustralia, alitembea na vita vya Vietnam na Kambodia zaidi ya miaka kumi, akatoka hai. Akaja kufia Bangkok 1985, jaribio la mapinduzi la siku moja tu. Kamera yake ilianguka chini naye na ikaendelea kurekodi.

Kwa hiyo kazi yangu mimi mbeba stendi, zaidi ya stendi, ilikuwa kumshika bosi mkanda wa suruali nyuma. Jicho lake liko kitunduni, langu liko pande zote. Nikivuta mara moja, rudi. Nikivuta mara mbili, lala.

Kuhusu majeruhi. Mara moja nilimwona akiweka kamera chini na kushika machela, kwa sababu wabebaji walikuwa watatu na machela ina pembe nne. Hakukuwa na mjadala wowote. Aliporudi, mikono yake ilikuwa na damu, hakutaka kushika lenzi, akaniambia nimwagie maji ya kunywa. Kwenye karatasi akaandika: "Roli 9, futi 40. Nimeacha." Siku nyingine tatu au nne aliendelea kupiga, kwa sababu machela ilikuwa na watu wanne. Kajibishaneni na hilo darasani.

Nimekumbuka kitu kingine, kwa kuwa wewe ni mwanafunzi. Siku zote alisimama upande wa mashariki wa barabara. Nilidhani ni jua, kwa sababu asubuhi lilikuwa mgongoni kwake na nyuso zinang'aa. Kumbe kuna lingine. Jeshi linakwenda kaskazini. Ukisimama mashariki, wote wanapita kushoto kwenda kulia. Ukivuka barabara ukapigia upande wa pili, watapita kulia kwenda kushoto, na mtazamaji kule kijijini mbele ya shuka ataona jeshi lilelile linarudi nyuma linakimbia. Mchana jua likimgeukia, alikataa kuvuka. Alipiga mikono na nyuso za karibu tu, hadi wapishi wakawa wanamuuliza kama ametumwa kupiga picha za pasipoti.

Capri_Point_Zamani

Mzee vita mlivifuata mbali, vikaja huku nyuma yenu. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Walibya, Tupolev, ilikuja kulipua matenki ya mafuta hapa Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alituambia tuingie chini ya madawati, na yeye akaingia chini ya dawati letu, tukawa wanne.

Kesho yake mtaa mzima unaongelea swala. Kuna aliyepiga picha?

Mzee_wa_Mkuyuni

Hata mmoja ninayemjua. Kamera zote zilikuwa Uganda. Sisi habari hiyo tulisikia kwa dereva wa lori la unga, na bosi akaniuliza mara tatu, "Saanane yetu hii?" Mimi mama yangu alikuwa Igogo. Siku mbili sikula.

Karani_Mstaafu

Niruhusuni nichangie hapo kwenye karatasi, maana mzee amegusa kitu nilichokiona upande wa pili wa meza. Niliishi Arusha miaka ya mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, kazi yangu ilikuwa ya makaratasi.

Wa hapa ziwani wanaoikumbuka 1994 wanajua mto Kagera ulileta nini. Nyumbani kwetu Bukoba tuliacha kula samaki, na mama yangu alikuwa muuza samaki. Miili ilikuja na maji, lakini mauaji yenyewe karibu hayana picha inayotembea. Moja kati ya chache zilizopo ilipigwa Kigali Aprili 1994 na Mwingereza, Nick Hughes, akiwa juu ya shule ya Wafaransa, kwa lenzi ndefu, ng'ambo ya bonde. Watu wanaonekana wadogo barabarani. Mkanda ule ulifika Arusha ukawa ushahidi, na aliyeupiga akaja kueleza.

Sasa mahakamani hawakuulizi kama picha inasikitisha. Wanakuuliza ulisimama wapi, siku gani, saa ngapi, na kutoka ulipokuwa mpaka pale ni umbali gani. Ukikosa majibu, wakili wa upande wa pili anaukunja mkanda wako na kuuweka pembeni kwa adabu. Nimewaona mashahidi wenye picha na wasio na tarehe. Inauma kuwatazama.

Dada, tafuta hizo karatasi. Na ukishazipata, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ndiyo pa kuanzia kuuliza. Usiwaachie kitu bila hati ya mapokezi yenye mhuri.

Mzee_wa_Mkuyuni

Naongeza sauti kwenye huo mhuri. Roli zetu 12 ziliazimwa na ofisi moja nisiyoitaja, mwaka 1982, kwa wiki mbili. Bosi alikwenda kuziulizia mpaka mlinzi akawa anamfungulia geti bila kumuuliza jina. Amekufa hajaziona.

Boda_Nyakato

Nafuta comment yangu ya mwanzo wakuu. Dada kama kuna kubeba makopo popote hapa mjini nakupeleka bure, na taratibu.

Mpwa_wa_Kirumba

Nimerudi. Asanteni sana, na mzee wangu wa Mkuyuni wabeja sana.

Nimefanya ulivyosema. Makopo yako chini ya meza sebuleni, yanayonuka matano upande wa dirisha, sita upande wa mlango. Nimegeuza vifuniko na tochi ya simu. Mzee, IPO. Kwa msumari, herufi za mjomba kabisa, ile R yake yenye mguu mrefu. Cha kwanza nilichosoma: "KYAKA. DARAJA. ASB." Kingine: "MUTUKULA. NYUMBA. HAKUNA MTU." Kimoja kina majina sita ya watu na vijiji vyao, viwili ni vya huku kwetu Magu. Mama kasoma moja akasema huyu namjua, huyu aliuza mbuzi pale mnadani mpaka juzijuzi.

Karatasi sijapata hata moja. Lakini kwenye mfuniko wa sanduku, ndani, kuna bahasha imegandishwa na gundi na imejaa vipande vya penseli vifupi vifupi, vimechongwa kwa wembe. Nilitaka kuvitupa, nimevirudisha.

Kilichonikosesha usingizi ni misalaba. Vifuniko vitatu vina msalaba mdogo kando ya namba. Nimemwambia mama, amenyamaza, amesema hao watakuwa waliokufa. Tukamwita mchungaji atuombee.

Mzee_wa_Mkuyuni

Mwanangu, mwambie mama apumue. Mchungaji hajapoteza kitu, ila kwetu msalaba haukuwa mtu. Msalaba ni roli iliyoharibika. Imeungua mwanga, au kamera imekula mkanda, au hakuna kitu kilichoingia. Ulikuwa unawaambia wasafishaji wasipoteze dawa.

Majina yale sita usiyaandike hapa wala popote mtandaoni. Nenda na mama Magu, muwaone wenyewe au watoto wao kwanza.

Ninachojiuliza ni kwa nini aliyatunza yale matatu. Roli yenye msalaba haikubebwa, ni uzito wa bure, tuliitupa porini. Yanasemaje?

Mpwa_wa_Kirumba

Mawili yameandikwa namba tu na msalaba.

La tatu ni lile la utepe. Sikulifungua mzee, naapa. Nimelifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, na maandishi yako nje, juu ya bati. "HAIJASAFISHWA. LUKAYA. USIKU." Halafu msalaba.

Mzee_wa_Mkuyuni

Ngoja kwanza.

Basi alipiga giza. Alijua hakuna kitakachoingia, mtoto wa wiki mbili kwenye kazi ile anajua, na aliijaza kamera akabonyeza.

Usilifungue hata kwa dakika moja, hata usiku umezima taa. Mkanda ambao haujasafishwa ukiona mwanga umekwisha. Mweusi na mweupe wakati mwingine hutoa kitu hata baada ya miaka mingi, kukiwa na fundi mvumilivu. Joto la miaka yote hiyo chini ya kitanda litakuwa limeutia ukungu, lakini mlipuko wa mizinga una mwanga wake, na nyumba zinazowaka zina mwanga wake. Sisemi kipo. Nasema sijui mtu mwingine aliyebonyeza usiku ule.

Litikise karibu na sikio, polepole. Linacheza au limejaa?

Mpwa_wa_Kirumba

Limejaa. Halichezi kabisa.

Na mzee, hili ndilo halinuki.